Kuondoa VG kiporo kwenye seva ya AIX bila kufuta diski ya mwenzako

Ukikuta kwenye seva jina la kundi la diski ambalo hakuna mtu kazini anayelikumbuka, usikimbilie kulifuta. Uliza kwanza limebaki wapi. Kundi la voliumu, VG kama tunavyoliita sote, huishi sehemu tatu kwa wakati mmoja. Liko kwenye diski zenyewe, ambako kila diski hubeba eneo dogo la taarifa liitwalo VGDA. Liko kwenye ODM, ile hifadhidata ambamo AIX, mfumo endeshi wa IBM, huandika kila kifaa inachokifahamu. Na likiwa limewashwa, liko kwenye kerneli, kiini cha mfumo, pia. VG lililo sawa ni lile ambalo sehemu zote tatu zinasema jambo moja. Kiporo ni lile ambalo sehemu moja inasema lipo, nyingine inasema halipo. Namna ya kuliondoa inategemea nani anasema nini, ndiyo maana hakuna amri moja ya kulifuta. Zipo kadhaa, na baadhi yake hula data moja kwa moja.

Nitakwenda na AIX kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo zaidi. HP-UX na Linux nitazigusa mwishoni. Amri zote hapa huendeshwa na root.

Soma kabla ya kugusa

Tuseme VG letu linaitwa zamanivg. Lilibeba hifadhidata iliyohamishiwa diski mpya, kazi ikaisha, watu wakapongezana, na hakuna aliyerudi kufagia. Mimi huanza na amri tatu, kwa mpangilio huu:

```
# lsvg
rootvg
zamanivg
mpyavg

# lsvg -o
mpyavg
rootvg

# lspv
hdisk0   00f6a1c2b3d4e5f6   rootvg     active
hdisk4   00f6a1c29e0b7711   zamanivg
hdisk5   00f6a1c29e0b8a42   None
hdisk6   00f6a1c2a4410c3d   mpyavg     active
```

`lsvg` peke yake husoma ODM, kwa hiyo inakuambia seva *inaamini* nini, si kilichopo. `lsvg -o` inaonyesha yaliyowashwa tu. Jina likiwemo kwenye ya kwanza na kukosekana kwenye ya pili, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kiporo. `lspv` inakupa diski, kitambulisho chake cha PVID chenye tarakimu 16, na VG ambayo ODM inadhani diski hiyo ni yake.

Sasa iulize diski yenyewe, bila kupitia ODM:

```
# lqueryvg -Atp hdisk4
# lquerypv -h /dev/hdisk4 80 10
```

Ya kwanza inasoma VGDA na kukuorodheshea LV (voliumu zilizogawanywa ndani ya kundi) zilizomo, PVID za diski zote za kundi na idadi ya VGDA. Ya pili inachungulia PVID pale ilipoandikwa kwenye diski. Ikitofautiana na PVID ya `lspv`, basi mtu amebadilisha LUN (diski inayotolewa na storeji) chini ya jina lilelile la hdisk. Simama hapo uongee na watu wa storeji kabla hujaandika chochote.

Ukiangalia vizuri jibu la `lqueryvg` utaona halina jina "zamanivg" popote. Diski inajitambulisha kwa VGID, mlolongo mrefu wa tarakimu. Jina linatunzwa upande wa seva, na ndiyo maana `importvg` bila `-y` hujibunia jina lake. Kwa hiyo diski ileile inaweza kuitwa zamanivg kwenye seva moja na kitu kingine kabisa kwenye seva ya pili. Tafuta kwa PVID au VGID. Kutafuta kwa jina ni kujidanganya.

Hakikisha diski ni yako

Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo hasara kubwa hutokea. Neno `None` kwenye `lspv` halimaanishi diski haina mwenyewe. Linamaanisha *seva hii* haina rekodi ya mwenyewe.

Kwenye VIO server, seva inayozigawia seva pepe diski, hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Diski inayoonekana `None` pale inaweza kuwa rootvg, VG lenye mfumo endeshi, ya LPAR (seva pepe) nyingine, inayofanya kazi dakika hii hii. Kabla ya kuita diski yoyote ya VIO server "tupu", ingia kama padmin uangalie:

```
$ lsmap -all
```

Ikiwa diski imetajwa humo kama kifaa cha nyuma cha mteja, iache.

Kwenye klasta ya PowerHA, ambako seva moja hushika kazi nyingine ikianguka, hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Seva mbili zinaona LUN moja. Upande huu VG limezimwa, upande wa pili limewashwa na watu wanafanya kazi juu yake. Ukitazama upande huu pekee, utaapa kwamba ni kiporo. Nenda seva ya pili ukaitafute PVID:

```
# lspv | grep 00f6a1c29e0b7711
```

Na angalia diski imewekewa kufuli gani:

```
# lsattr -El hdisk4 -a reserve_policy
```

Ikisema `no_reserve`, diski yenyewe haitakuzuia kuandika juu ya data ya seva nyingine. Hutapata onyo. Orodha ya nani kaonyeshwa LUN gani wanayo watu wa storeji, na mimi huiomba kwa maandishi, hata kama tunakaa meza moja.

Baada ya hapo, andika hali ilivyo kwenye faili lisilokaa ndani ya VG unayotaka kuifuta (usicheke, hutokea):

```
# lsvg -l zamanivg
# lsvg -p zamanivg
# lsps -a
# sysdumpdev -l
# df -g
# cp /etc/filesystems /etc/filesystems.kabla
# ls -l /dev/r* > /tmp/dev.kabla
```

`lsvg -l` na `lsvg -p` zinahitaji VG liwe limewashwa. Likiwa limezimwa utapewa kosa 0516-010, na hapo `varyonvg zamanivg` itasaidia ikiwa diski zipo. `lsps` na `sysdumpdev` ziko kwenye orodha kwa sababu VG lililosahaulika mara nyingi lina paging space (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu) ya ziada au sehemu ya dampo (panapoandikwa kumbukumbu seva ikianguka) ambayo mtu aliiweka humo kwa haraka miaka iliyopita. Na orodha ya `/dev` ina umuhimu wake: hifadhidata zinazotumia LV mbichi (zisizo na mfumo wa faili) hutegemea umiliki wa mafaili hayo, na `importvg` ya kawaida huyarudisha yakiwa mali ya root.

Diski zipo, VG halitakiwi tena

Hii ndiyo hali rahisi, na kwayo nina msimamo: usifute siku hiyohiyo. Zima, subiri, kisha futa.

```
# umount /data/zamani
# chvg -an zamanivg
# varyoffvg zamanivg
```

`chvg -an` inazuia VG lisijiwashe seva ikianza upya, na lazima uiendeshe kabla ya kuzima. Ukipata kosa 0516-012, kuna LV bado iko wazi. Tazama safu ya hali kwenye `lsvg -l`: `closed/syncd` imefungwa, `open/syncd` kuna anayeishika. Kwa mfumo wa faili, `fuser -cux /data/zamani` itakutajia namba za programu na watumiaji. Kwa LV mbichi, ambayo mahali pa mount point imeandikwa `N/A`, elekeza `fuser` kwenye faili lenyewe, mfano `/dev/rzamanilv`. Kwa paging space tumia `swapoff` kisha `rmps`. Kwa dampo, hamishia kwingine au elekeza `/dev/sysdumpnull`:

```
# sysdumpdev -P -s /dev/sysdumpnull
```

Hiyo ni kwa dampo la pili. La kwanza hutumia `-p` badala ya `-s`, nami nisingeliacha bila mahali pa kuandikia.

Ukishazima, liache lipite angalau mwisho wa mwezi mmoja. Skripti za kufunga hesabu, ripoti za ukaguzi na bakapu za mwezi ndizo hupiga kelele, na zikipiga unarudisha kila kitu kwa `varyonvg` na `mount`. Mkubwa wako akikuharakisha kwa sababu ya gharama ya storeji, mwambie LUN iliyozimwa hairudishiki ikishafutwa, na mwache achague yeye.

Kimya kikiendelea, una njia mbili. Unataka kuondoa jina tu na kuacha data kwenye diski, pengine kwa seva nyingine:

```
# exportvg zamanivg
```

`exportvg` haigusi data. Inafuta VG kwenye ODM na kuondoa maingizo yake kwenye `/etc/filesystems`, ndiyo sababu ya ile nakala ya `.kabla`.

Au unataka kufuta kabisa, kwenye diski na kwenye ODM:

```
# varyonvg zamanivg
# rmfs -r /data/zamani
# rmlv zamaniloglv
# reducevg zamanivg hdisk4
```

`rmfs -r` inaondoa mfumo wa faili, LV yake na hata saraka ya kumauntia. LV ya logi ya jfs2 hubaki, kwa hiyo ina `rmlv` yake. Ukitoa diski ya mwisho kwa `reducevg`, VG nalo linakufa, na mfumo unakuambia hivyo waziwazi. Kuna njia ya mkato, `reducevg -df`, inayofagia LV zote bila kuuliza. Siipendi. Kuulizwa swali kwa kila LV ni nafasi ya mwisho ya kusoma jina na kushtuka.

Kisha, kwa mpangilio huu na si mwingine:

```
# rmdev -dl hdisk4
```

Ndipo unawaambia watu wa storeji waichukue LUN.

Diski zimeshachukuliwa, VG bado linang'ang'ania

Hivi ndivyo viporo vingi huzaliwa: LUN imeondolewa kwanza, seva ikaambiwa baadaye, au haikuambiwa kabisa. Utaona `LVM_SA_PVMISS` kwenye `errpt`, logi ya makosa, na pengine `LVM_SA_QUORCLOSE`, maana yake VG limepoteza akidi na kujifunga.

Hesabu ya akidi inafaa kuijua. VG la diski moja lina VGDA mbili juu ya diski hiyo. La diski mbili lina mbili kwenye moja na moja kwenye nyingine. Kuanzia diski tatu, kila moja ina moja. Zaidi ya nusu zikipatikana, VG linabaki wima. Kwa hiyo kwenye kundi la diski mbili, ikichukuliwa ile yenye VGDA mbili VG linaanguka, ikichukuliwa ile nyingine linasimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzangu wengi wameshangazwa na hilo.

Diski zote zikiwa zimekwenda, usipoteze muda na `reducevg`, hakuna kilichobaki cha kuandikia. Ua programu zilizoganda juu ya mfumo wa faili, ondoa maunti, zima, toa:

```
# fuser -kxuc /data/zamani
# umount /data/zamani
# varyoffvg zamanivg
# exportvg zamanivg
# rmdev -dl hdisk4
```

Programu isiyokufa kwa sababu inasubiri diski isiyokuwepo haitakufa kwa kuombwa. Hapo panga muda wa kuiwasha seva upya, kisha uendelee na `exportvg`, maana VG litakuwa limeshindwa kujiwasha lenyewe.

Ikiwa imeondoka diski moja tu na nyingine bado zinahitajika, `lsvg -p` itaonyesha `missing`. Ondoa kwanza LV au nakala za LV zilizokaa juu yake, kisha itoe kwa PVID badala ya jina:

```
# reducevg zamanivg 00f6a1c29e0b7711
```

Ikigoma, shuka ngazi moja chini:

```
# getlvodm -v zamanivg
# ldeletepv -g VGID -p PVID
```

Amri ya kwanza inakupa VGID ya kuweka kwenye ya pili. VG lazima liwe limewashwa. Likikataa kuwaka kwa kukosa akidi, `varyonvg -f` italilazimisha. Lazimisha ukiwa na uhakika diski iliyokosekana hairudi.

Limebaki jina tu

Wakati mwingine `exportvg` inalalamika, pengine kwa 0516-306 kwamba VG haionekani kwenye hifadhidata, na bado jina linajitokeza kwenye `lsvg`. ODM imekatika katikati: rekodi chache zipo, chache hazipo. Hapa unaingia kwa mkono, na kabla ya kuingia unanakili mafaili manne ya ODM:

```
# cd /etc/objrepos
# for f in CuAt CuDv CuDep CuDvDr; do cp $f /tmp/$f.kabla; done
```

Soma kwanza kila kitu utakachokifuta:

```
# odmget -q "name=zamanivg" CuDv
# odmget -q "parent=zamanivg" CuDv
# odmget -q "name=zamanivg" CuAt
# odmget -q "name=zamanivg" CuDep
# odmget -q "dependency=zamanivg" CuDep
# odmget -q "value3=zamanivg" CuDvDr
```

Zile zenye `parent` zitakupa majina ya LV. Kila LV nayo ina rekodi zake kwa `name` kwenye CuAt na kwa `value3` kwenye CuDvDr. Ukiridhika, badilisha `odmget` kuwa `odmdelete -o`, ukiacha sharti lilelile:

```
# odmdelete -o CuDv -q "name=zamanivg"
```

Angalia alama za nukuu na tahajia ya sharti. `odmdelete` isiyo na `-q` hufuta rekodi zote za daraja hilo, na CuDv ndiyo orodha ya vifaa vyote vya seva. Mimi naandika mistari kwenye faili kwanza, naisoma, ndipo naibandika. Na rootvg isiguswe kwa njia hii na mtu anayejifunza kwa kusoma ukurasa.

Malizia na masalia ya nje ya ODM: `/dev/zamanivg` na mafaili ya LV zake ndani ya `/dev`, na maingizo ya `/etc/filesystems` yanayotaja LV zisizokuwepo. Haya ya mwisho ndiyo hufanya seva itoe makosa ya maunti kila inapoanza, miezi baada ya wewe kudhani umemaliza.

Diski inakumbuka, seva imesahau

Kinyume chake ni hdisk5 ya juu: `None`, lakini ukijaribu kuitumia kwa VG jipya unapata 0516-1398, kwamba inaonekana kuwa ya VG nyingine. VGDA ya zamani bado iko juu yake. Iangalie kwa `lqueryvg -Atp hdisk5`, usome majina ya LV, na ujiulize kama yanafanana na kitu kinachoendelea kwingine. Ukishamaliza ule uchunguzi wa umiliki:

```
# chpv -C hdisk5
# chdev -l hdisk5 -a pv=clear
```

Ya kwanza inaondoa umiliki wa VG, ya pili inafuta PVID. `mkvg -f` nayo ingepita juu yake, lakini `-f` inajua habari za seva hii tu.

Kwa walioko HP-UX na Linux

HP-UX huweka kumbukumbu yake kwenye `/etc/lvmtab`, unayoweza kuisoma kwa `strings`. Zima VG, kisha fanya jaribio lisilobadilisha kitu, halafu ndiyo lenyewe:

```
# vgchange -a n /dev/vg05
# vgexport -p -v -m /tmp/vg05.map /dev/vg05
# vgexport -v -m /tmp/vg05.map /dev/vg05
```

Faili la ramani lina majina ya LV, litunze. Ningetamani AIX nayo ingekuwa na `-p` kama hii.

Linux iko tofauti kwa sababu LVM yake, programu inayosimamia voliumu, haina ODM. Jina la VG limeandikwa kwenye diski zenyewe. Diski zikiwepo, `vgchange -an` na `vgremove` hutosha, kisha `pvremove`. Ikikosekana diski moja, `vgreduce --removemissing`. Lakini LUN zote zikichukuliwa VG likiwa limewashwa, jina linatoweka kwenye `vgs` huku LV zikibaki kwenye kerneli, na unashangaa kwa nini kifaa kinaonekana kina mtumiaji. Zitafute na uziondoe moja moja:

```
# dmsetup ls
# dmsetup info zamanivg-zamanilv
# dmsetup remove zamanivg-zamanilv
```

Tazama mstari wa `Open count` kwenye `info`. Isipokuwa sifuri, kuna maunti au programu bado imeishika. Na kama umefuta VG la Linux ambalo hukupaswa kulifuta, usiandike chochote juu ya diski hizo: nenda `/etc/lvm/archive`, ambako LVM huacha nakala ya metadata kabla ya mabadiliko. Ikiwa ulishapitisha `pvremove`, rudisha PV (alama ya LVM juu ya diski) kwanza kwa `pvcreate --uuid` na `--restorefile`, ndipo `vgcfgrestore` ifanye kazi.